Kupaka na Kutoa Kucha za Jeli Nyumbani: Mwongozo kwa Wakazi wa Mtwara na Lindi

Msimu wa korosho unapofunguliwa mwezi wa Oktoba na malipo ya minada yakaanza kuingia mifukoni, shughuli za harusi huongezeka Mtwara na Lindi, na foleni katika saluni za kucha nazo hurefuka. Kwa sababu hiyo, na kwa kubana matumizi, wanawake wengi wameanza kununua vifaa vyao wenyewe: taa ndogo ya kuivishia, chupa tatu nne za rangi, tupa ya kucha na chupa ya asetoni. Kazi yenyewe haihitaji kipaji kikubwa cha mkono. Inahitaji subira, na subira hiyo huhitajika zaidi wakati wa kutoa kuliko wakati wa kupaka, kwani kucha nyingi zinazodaiwa kuliwa na jeli hazikuliwa na jeli hata kidogo. Zilibanduliwa kwa nguvu, au zilisagwa kwa tupa mpaka zikabaki nyembamba na zenye maumivu.

Kinachoelezwa hapa ni rangi ya jeli, yaani ile inayopakwa juu ya ukucha wa asili, ikaivishwa kwa taa, na baadaye ikatolewa kwa asetoni. Jeli nzito ya kujengea kucha ndefu ni jambo jingine. Aina nyingi za jeli hiyo haziyeyuki kwa asetoni bali husagwa kwa tupa au kwa mashine, na mtu asiye na mazoezi huweza kuusaga ukucha wenyewe pamoja nayo. Hiyo iachwe kwa fundi.

Jeli mbichi na jeli iliyoiva

Kuteksi ya kawaida, ile ya vijana wanaopita mitaani na vikapu vyao vya chupa, hukauka kwa sababu kiyeyushi chake huvukia hewani. Jeli haikauki kwa hewa hata ikikaa kutwa nzima. Ndani yake mna kemikali za jamii ya akrilati pamoja na kichocheo kinachoamshwa na mwanga, na taa inapowashwa kichocheo hicho huzifanya molekuli zilizokuwa huru zishikane na kuwa utando mgumu. Kwa kuwa mwanga ndio unaoivisha, unene wa rangi ndio unaoamua kama jeli itaiva mpaka chini au itaiva juu tu na kubaki mbichi ilipogusana na ukucha. Rangi iliyopakwa nene hudanganya jicho: juu inang'aa, mkono ukiigusa ni kavu, lakini chini yake kuna uji uji ambao haujashika chochote.

Jambo hili lina uzito kuliko urembo, kwa sababu jeli mbichi ndiyo inayoleta mzio. Jeli iliyoiva barabara imetulia na haina madhara makubwa kwa ngozi, lakini akrilati mbichi ikigusa ngozi mara kwa mara huweza kuufundisha mwili kuikataa, na mwili ukishajifunza hausahau. Chama cha Wataalamu wa Ngozi cha Uingereza kilitoa onyo kuhusu jambo hili mwaka 2018, kikiwataja hasa watu wanaojipaka wenyewe nyumbani. Adha yake haiishii kwenye kucha, kwani akrilati hutumika pia katika kuziba meno, katika saruji ya kitabibu ya kushikizia viungo bandia, na katika gundi ya baadhi ya vifaa vinavyobandikwa mwilini na wagonjwa wa kisukari. Mtu aliyepata mzio kwa ajili ya kucha za sikukuu anaweza kukumbushwa na daktari wa meno miaka kumi baadaye.

Kemikali inayolaumiwa zaidi huandikwa HEMA kwenye chupa. Umoja wa Ulaya uliamua kwamba kuanzia mwaka 2021 bidhaa za kucha zenye HEMA zitumiwe na mafundi peke yao na ziandikwe onyo la mzio, na kuanzia Septemba 1, 2025 ukapiga marufuku kichocheo kiitwacho TPO katika vipodozi vyote. Sheria hizo ni za huko, lakini chupa zinazouzwa hapa hutoka katika viwanda vinavyouza dunia nzima, na zile zisizouzika tena mahali fulani hutafuta soko kwingine. Kwa hiyo chupa isiyo na orodha ya viambato isinunuliwe, hata ikiwa bei yake inavutia. Hapa nchini udhibiti wa vipodozi uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS, tangu mwaka 2019.

Nani asubiri, na nani aache kabisa

Kwa pwani hii mtu wa kwanza kutajwa ni mbanguaji wa korosho. Mafuta yaliyomo kwenye ganda la korosho huunguza na kuwasha ngozi, na anayebangua kwa mikono, hasa asiyevaa glavu wala kujipaka mafuta kabla ya kazi, huwa na vidole vilivyochubuka na kubadilika rangi. Ngozi ya namna hiyo haina kinga. Asubiri mpaka ipone kabisa, na hata hapo ajue kwamba kurudi kwenye ganda akiwa na kucha za jeli ni kupoteza fedha.

Mwenye ualbino asiweke mikono yake kwenye taa hizi, kwa kuwa hutoa mionzi ya urujuanimno ambayo ngozi yake haina uwezo wa kujikinga nayo. Anayetumia dawa ya doksisaikilini asubiri amalize dozi, kwani dawa hiyo huifanya ngozi, na hata nyama iliyo chini ya ukucha, iathirike upesi na mwanga. Mwenye ukucha uliopasuka, unaouma, uliobanduka upande mmoja au wenye dalili za fangasi asifunike tatizo kwa rangi. Mjamzito aliyekaribia kujifungua, pamoja na yeyote aliyepangiwa upasuaji, atoe jeli mapema akiwa nyumbani, kwa sababu wauguzi huangalia rangi ya kucha na hubana kidoleni kifaa cha kupimia oksijeni, na rangi nzito huweza kukivuruga kifaa hicho.

Waislamu ni wengi huku, na swali la udhu huja kabla ya swali la rangi. Jeli iliyoiva ni utando usiopitisha maji, na kwa mafundisho yanayofuatwa na wengi, maji yasipofika kwenye ukucha udhu hautimii wala josho halitimii. Baadhi ya wanawake hupaka siku za hedhi zinapoanza na kutoa kabla ya kukoga. Hilo linawezekana, lakini mimi sioni faida yake: jeli imetengenezwa ikae wiki mbili mpaka tatu, na kuipaka kwa siku tano au sita kila mwezi maana yake ni kuzichosha kucha kwa asetoni mara kwa mara bila kuifaidi kazi yenyewe. Kwa siku chache hizo kuteksi ya kawaida inatosha. Na anayetaka rangi ya kudumu inayoendana na sala anayo hina, ambayo hutia rangi bila kuacha utando. Iwe hina ya majani tu, kwani piko iliyochanganywa na dawa ya kupaka nywele nyeusi ina mzio wake mkali.

Vifaa

Taa ndiyo kifaa cha kuchunguzwa kwa makini. Taa nyingi za siku hizi ni za LED, hutoa mwanga wa kati ya nanomita 365 na 405, na huivisha tabaka moja kwa sekunde 30 mpaka 60. Zile za zamani zenye mirija huhitaji dakika mbili hivi. Wati zilizoandikwa kwenye boksi si ushahidi wa kutosha, na taa ndogo sana za kukunja, zinazotosha kidole kimoja, mara nyingi haziivishi pembeni. Likiwezekana, nunua taa na rangi za kampuni moja, kwa kuwa mtengenezaji hupima muda wa kuiva kwa taa yake mwenyewe na si kwa taa ya mwingine. Jambo hili husemwa mara chache dukani, kwa sababu muuzaji anataka auze taa leo na rangi kesho.

Mbali na taa, zinahitajika rangi ya msingi, rangi yenyewe na rangi ya juu ya kufungia, tupa laini, kijiti cha mti cha kusukumia ngozi, spiriti ya dukani kwa ajili ya kufutia, kitambaa kisichoacha nyuzi, na kwa siku ya kutoa, pamba, karatasi ya foili, mafuta mazito ya mgando na asetoni halisi. Kiondoa rangi chenye manukato na mafuta ndani yake hufaa kwa kuteksi, si kwa jeli. Asetoni ibaki katika chupa yake. Ikiwa muuzaji amekupimia katika chupa tupu ya maji ya kunywa, kama inavyofanyika katika maduka mengi, uihamishie nyumbani kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko kinachokaza, uiandike jina, na uiweke juu asikofikia mtoto. Asetoni haina rangi, huonekana kama maji, na mtoto mwenye kiu hasomi harufu.

Mahali, hali ya hewa na umeme

Chagua chumba chenye hewa inayopita lakini kisichoingiza jua moja kwa moja juu ya meza. Jua lina mionzi ileile ya taa, na chupa iliyoachwa wazi dirishani huanza kuganda mdomoni, brashi ikakakamaa, na rangi isirudi tena katika hali yake.

Joto la kaskazi, hasa kuanzia Desemba mpaka Machi, huifanya jeli iwe nyepesi mno. Huteleza kutoka katikati ya ukucha na kujaa kwenye kingo za ngozi kabla mkono haujafika kwenye taa. Dawa yake ni kufanya kazi asubuhi mapema au baada ya magharibi, na kuiweka chupa iliyofungwa sawasawa ndani ya bakuli la maji ya mtungi kwa dakika chache, kisha kuifuta kabisa kabla ya kuifungua. Jasho nalo ni adui. Kausha viganja, na ikiwa chumba kina fukuto tumia feni, lakini usiielekeze mezani, maana hupeperushia kucha vumbi la tupa.

Umeme ukikatika katikati ya kazi, mtu hubaki na kucha zenye jeli mbichi. Wengine hukimbilia uani kuianika kwenye jua. Jua litaivisha juu bila mpangilio, na hakuna namna ya kujua chini kukoje. Ni afadhali kuifuta yote kwa pamba yenye spiriti, bila kuisambaza kwenye ngozi, na kuanza upya siku nyingine. Taa inayotumia betri yake au inayokubali pawabanki huondoa usumbufu huu, na kwa anayeishi mahali umeme unapokatika mara kwa mara ningeshauri asinunue ya aina nyingine.

Kuandaa ukucha

Ukucha hunyonya maji na kutanuka, kisha hunywea unapokauka. Ukipakwa jeli ukiwa umelowa, utanywea ndani ya utando usionywea, na baada ya siku mbili tatu jeli itaanza kuachia pembeni. Kwa hiyo usifue, usioshe vyombo wala usiloweke mikono kwa muda wa saa moja kabla ya kupaka. Anayetoka kukuna nazi anawe kwa sabuni na brashi mara mbili, kwani mafuta ya tui hujificha chini ya ncha za kucha na kwenye kingo, na mafuta ndiyo sababu ya pili ya jeli kuachia.

Kata kucha kwa urefu unaolingana na kazi zako. Mwanamke anayekaa kwenye mbuzi ya nazi kila siku, anayemenya muhogo au anayeshuka na bamvua kuchokoa pweza anajua mwenyewe kwamba ukucha uliovuka ncha ya kidole utakwama mahali. Zungusha pembe kwa tupa ukielekea upande mmoja, si kwa kwenda na kurudi.

Kisha sukuma kijingozi kilicho kwenye shina la ukucha kwa kijiti, taratibu, baada ya kukilainisha kwa tone la maji na kukikausha. Usikikate. Kijingozi hicho ni mlango unaozuia vijidudu visiingie ukucha unakoanzia, na saluni nyingi zinakikata kwa mazoea tu. Linalotakiwa kuondolewa ni ule utando mwembamba usioonekana vizuri, uliotambaa kutoka kwenye kijingozi na kugandamana na bamba la ukucha. Huo hukwanguliwa kwa upande wa kijiti kwa mkono mwepesi, na usipoondolewa jeli huushika wenyewe badala ya kuushika ukucha.

Mwisho, pitisha tupa laini ya namba 180 au 240 mara moja au mbili, kiasi cha kuondoa mng'ao tu. Ukucha ukianza kuhisi joto, umezidisha. Futa vumbi, futa kila ukucha kwa spiriti, na kuanzia hapo usiguse uso, nywele wala simu.

Kupaka

Jipake mafuta ya kukinga jua mgongoni mwa viganja, ukiziacha kucha, au vaa glavu zilizokatwa ncha. Mionzi ya taa kwa kikao kimoja ni kidogo, lakini kinga hii ni rahisi mno kiasi kwamba hakuna sababu ya kuiacha.

Anza na rangi ya msingi. Futa brashi kwenye mdomo wa chupa mpaka ibaki na jeli kidogo, iweke katikati ya ukucha, isukume kuelekea kwenye shina na kuishia kabla ya ngozi kiasi cha nusu milimita, kisha ivute kuelekea nchani. Hiyo nafasi ya nusu milimita ndiyo sehemu ngumu ya kazi yote. Jicho hutamani kuijaza, kwa kuwa rangi inayofika kwenye ngozi huonekana nadhifu siku ya kwanza. Lakini jeli iliyopanda ngozi huivia juu ya ngozi, na ngozi inapojikunja na kujikunjua huinua ukingo wa jeli pamoja nayo. Ikitokea imegusa, itoe kwa ncha ya kijiti kilichochovywa kwenye spiriti kabla, narudia, kabla ya mkono kuingia kwenye taa. Baada ya taa haitoki ila kwa asetoni au kwa kung'oa.

Maliza kila ukucha kwa kupitisha brashi kwenye ukingo wa ncha yenyewe, ili utando ufunge mbele. Hatua hii ya sekunde moja ndiyo huzuia rangi isimenyeke kuanzia nchani.

Paka vidole vinne kwanza, uviivishe, kisha upake kidole gumba peke yake. Kidole gumba hulala ubavu mkono unapowekwa kwenye taa, hivyo mwanga humulika upande mmoja na mwingine kubaki mbichi. Kiivishe chenyewe, ukiwa umekigeuza uso juu. Fuata muda ulioandikwa kwenye chupa. Ukihisi mchomo wa ghafla, toa mkono, subiri sekunde kadhaa, urudishe. Joto hilo linatokana na molekuli zinazoshikana kwa kasi, na huwa kali zaidi jeli ikiwa nene au ukucha ukiwa mwembamba. Si jambo la kuvumilia kwa kukaza meno.

Baada ya msingi, paka rangi katika matabaka mawili mepesi, kila moja likiivishwa peke yake. Tabaka la kwanza litaonekana lina michirizi na mapengo. Liache hivyohivyo, la pili litafunika. Nyeusi, nyeupe na bluu nzito huzuia mwanga kupita, kwa hiyo hizo zipakwe nyepesi zaidi na ikibidi mara tatu. Rangi ikitoka kwenye taa ina mikunjo juu, tafsiri yake ni kwamba imeiva juu na chini bado. Ifute, ukirudie kidole hicho. Rangi ya juu hupakwa vivyo hivyo na kufungwa nchani.

Ukimaliza utaona uso unanata. Hiyo si kasoro: oksijeni ya hewani huzuia tabaka la juu kabisa lisiive, na kinachonata ni jeli mbichi. Subiri dakika moja ipoe, kisha futa kwa kitambaa chenye spiriti kutoka kwenye shina kwenda nchani, ukigeuza upande wa kitambaa kwa kila kidole ili usihamishie ubichi kwenye ngozi. Baadhi ya rangi za juu hazinati na hazihitaji kufutwa. Huandikwa hivyo kwenye chupa. Maliza kwa tone la mafuta ya nazi kwenye kingo.

Siku za katikati hazina mengi. Vaa glavu ukifua, usifungulie kopo la soda kwa ukucha, na pakaza mafuta kila usiku. Jeli ikiinuka upande mmoja usiigandishe kwa gundi wala kupaka nyingine juu yake: unyevu wa pwani huingia katika mwanya huo na haukauki, na bakteria wanaopenda maji huacha doa la kijani kibichi kwenye ukucha. Toa kidole hicho.

Kutoa

Tenga saa nzima. Anayetoa jeli huku akiangalia saa ya kwenda kazini ndiye anayeishia kubandua.

Kabla ya kufungua chupa ya asetoni, kagua moto. Mvuke wa asetoni hushika moto hata katika baridi kali kuliko inayojulikana huku, na kwa kuwa ni mzito kuliko hewa hushuka na kutambaa sakafuni, ukaweza kuufuata moto ulio mbali na meza. Jiko la mkaa lililo barazani, jiko la gesi lenye moto mdogo wa maharage, kibatari, sigara, na chetezo cha udi kilichosahauliwa pembeni mwa kitanda, vyote vizimwe au kazi ihamie kwingine. Tandika gazeti juu ya meza, maana asetoni huondoa vanishi na huyeyusha baadhi ya plastiki.

Anza kwa kusaga rangi ya juu kwa tupa mpaka mng'ao wote uondoke na vumbi la rangi lianze kuonekana. Rangi ya juu ndiyo ngao, na isipovunjwa asetoni itazunguka nje kwa nusu saa bila kuingia. Ishia hapo, usijaribu kuifikia rangi ya msingi kwa tupa, kwa sababu huwezi kuona mahali jeli inapoishia na ukucha unapoanzia. Vumbi hilo usilivute puani, na ulifute kwa kitambaa chenye unyevu badala ya kulipuliza.

Paka mafuta ya mgando kwenye ngozi yote inayozunguka ukucha. Kata pamba vipande vya ukubwa wa ukucha, si zaidi, kwa kuwa pamba kubwa hulowesha kidole kizima bure. Chovya, kamua kidogo, laza juu ya ukucha, kisha zungushia foili na ukaze nchani ili mvuke usitoke. Fanya mkono mmoja kwanza, ubaki na mwingine wa kufanyia kazi. Mkono uliofungwa ufunike kwa taulo au kanga iliyokunjwa. Uvuguvugu wa mwili unatosha kuharakisha kazi. Usipashe asetoni moto kwa njia yoyote, na bakuli la maji ya moto lisitumike juu ya jiko linalowaka.

Baada ya dakika 10 mpaka 15 fungua kidole kimoja tu. Jeli iliyokubali huwa imefumuka, imekunjamana na kuinuka yenyewe kwenye kingo. Ukiigusa kwa kijiti husogea kama ganda la karanga iliyolowekwa. Isukume kutoka kwenye shina kuelekea nchani, kijiti kikiwa kimelala. Ikigoma mahali, usibishane nayo: rudisha pamba mpya na foili, ongeza dakika tano. Vidole vingine vibaki vimefungwa wakati wote huo, kwani asetoni hukauka mara tu ipatapo hewa na jeli iliyolainika huanza kukaza tena. Wembe, kisu, ukucha wa mkono wa pili na meno havina kazi hapa. Mabaka meupe yenye ukavu yanayobaki baada ya kubandua ni matabaka ya ukucha wenyewe yaliyong'oka pamoja na jeli, na hakuna mafuta yanayoweza kuyarudisha. Ukucha wa mkono hukua kama milimita 3 kwa mwezi, kwa hiyo eneo lililoharibika husubiriwa mpaka likue na kukatwa, na ukucha mzima huchukua takriban miezi sita.

Mabaki machache yaliyoshika yaondolewe kwa tupa laini kabisa. Nawa kwa sabuni, kausha, kisha sugua mafuta ya nazi au ya ufuta kwenye kucha na kwenye ngozi yake, na urudie asubuhi na jioni kwa siku kadhaa, kwa sababu asetoni hunyonya mafuta ya asili na kuuacha ukucha mkavu. Watu husema kucha zipumzishwe ili zipumue. Kucha hazipumui, chakula na oksijeni vyake hutoka kwenye damu iliyo chini yake. Zikiwa nzima, ngumu na hazina mabaka, zinaweza kupakwa tena. Zikiwa nyembamba zinazopinda ukizibonyeza, ziachwe.

Muwasho, uvimbe, malengelenge au ngozi kupasuka kwenye ncha za vidole, na hata vipele kwenye kope, kwa kuwa vidole hugusa macho, ni dalili za mzio. Toa jeli yote, usijaribu ya kampuni nyingine kwa kubahatisha, na uende kituo cha afya. Kwa wa mjini, hospitali za rufaa za mkoa, Ligula kwa Mtwara na Sokoine kwa Lindi, ndizo za karibu. Peleka na chupa uliyotumia, kwani daktari atataka kusoma viambato. Usaha, maumivu yanayodunda au ukucha unaoachana na nyama navyo visisubiri.

Vitambaa vyenye jeli mbichi vimulikwe kwa taa dakika moja au mbili kabla ya kutupwa, ili ubichi wake usimguse anayezoa taka. Pamba na foili zenye asetoni zianikwe nje mahali pa wazi mpaka zikauke kabisa, mbali na moto na watoto, ndipo ziwekwe kwenye taka, na zisitupwe kamwe kwenye shimo ambalo jirani huchomea majani jioni.